Benchi la Fundi: Shingo ya ganda, uikereze au uiache?

Mwezi uliopita niligusa kwa mstari mmoja tu kwamba walengaji shabaha wa hapa Pennsylvania hukereza shingo za maganda ya risasi kabla ya kuyajaza upya. Mstari huo umeniletea barua nyingi kuliko makala yangu yote ya kuchomelea. Haya, leo ni shingo mwanzo mwisho. Barua nimezifupisha, na majina nimeyaacha kando. Mambo ya bunduki hayataki majina gazetini.

SWALI: Shikamoo Fundi. Nipo Texas, nina kadi ya kijani, na nina bunduki ya .308 ya kuwindia. Risasi zangu najaza mwenyewe gereji. Jamaa mmoja wa klabuni ameniuzia kifaa cha kukerezea shingo, anasema nikikitumia matundu yangu kwenye shabaha yatakaa pamoja. Kwa sasa risasi tano zinalala ndani ya inchi moja na robo kwa yadi 100. Nianzie wapi? (Msomaji, Fort Worth)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kifaa si kibaya, ila kimefika kwako kabla ya maikromita. Anza kwa kupima, na huenda ukaishia hapohapo.

Ganda la risasi hutokana na bamba nene la shaba iliyochanganywa na zinki, 70 kwa 30. Mashine hulikandamiza likawa kikombe, kikombe kikavutwa mara kadhaa kikawa bomba, bomba likabanwa juu likapata bega na shingo. Katika kuvutwa huko ni nadra ukuta kutoka sawasawa pande zote. Upande mmoja hubaki mnene, mwingine mwembamba, na kichwa cha risasi ukikichomeka kinasukumwa kuelekea upande mwembamba. Kukereza shingo ni kuuondoa huo unene uliozidi kwa nje. Basi, hakuna uchawi mwingine.

Chukua maganda yako kumi ya boksi moja. Tumia maikromita yenye kijipira, ile ambayo upande mmoja unaingia ndani ya shingo. Venia, ile rula ya chuma yenye meno ya kubania kitu, itakudanganya, kwa sababu meno yake ni bapa na ukuta wa shingo umepinda. Pima sehemu nne kuzunguka shingo. Ukikuta tofauti kati ya upande mnene na mwembamba haizidi 0.02 mm, kirudishe kifaa kwenye boksi na umtafute yule jamaa akurudishie hela. Ikifika 0.05 mm, ambazo ndizo sehemu 2 za elfu za inchi wanazozungumzia Wamarekani, hapo kuna neno: kichwa kimekaa 0.025 mm nje ya mstari wa katikati hata kabla hujafyatua.

Lakini hata hapo, tazama bunduki yako. Tuseme ukuta wa shingo ni 0.38 mm. Kichwa cha .308 kina kipenyo cha 7.82 mm, ongeza kuta mbili, unapata 8.58 mm. Chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, ikiwa ya kiwandani inacheza kwenye 8.74 mm na kupanda sehemu ya shingo. Tayari una nafasi ya 0.16 mm ambayo shingo inaweza kuyumba humo ndani. Ukikereza unaiongeza. Kila ukifyatua shingo inatanuka zaidi, kila ukijaza unaibana tena kwenye dai (kile chuma cha kurudishia ganda umbo lake), na shaba haipendi kupelekwa huku na kule. Inakuwa ngumu, kisha inapasuka mdomoni. Utakuwa umelipia kifaa ili maganda yako yafe mapema.

Na jambo ambalo wauzaji hawalisemi: ganda lenye shingo nene upande mmoja mara nyingi lina mwili mnene upande huohuo, mpaka chini. Likipigwa, upande mwembamba unatanuka zaidi na ganda zima linapinda kidogo kama ndizi. Hakuna kisu cha shingo kinachonyoosha hilo. Kwa hiyo kwa bunduki ya kuwindia mimi natumia kile kipimo kwa kuchagua, sikitumii kwa kukata. Maganda yenye ukuta ulio sawa nayatenga kwa siku ya maana, mabovu yanabaki ya kupasha mtutu joto.

Inchi moja na robo kwa yadi 100 si haba hata kidogo. Kulungu wa mkia mweupe eneo lake la moyo na mapafu linazidi sentimita 20. Kaza skrubu za darubini, jaribu aina nyingine ya kichwa, na mwombe mtu akurekodi video ukivuta kifyatulio. Wengi wanapepesa macho wakati huo, halafu wanalaumu ganda.

SWALI: Fundi, habari za Pennsylvania. Mimi nimeingia kwenye mashindano ya shabaha ya benchi, yale ya kupiga bunduki ikiwa imeegeshwa mezani, hapa Michigan, nina mtutu mpya wa risasi ya 6mm PPC ambao fundi ameuchonga chemba ya shingo ya inchi .262. Ameniambia bila kukereza maganda bunduki hii hailii. Kifaa ninacho, maikromita ninayo. Nipe hatua, na uniambie kwa nini wakachonga chemba inayomlazimisha mtu kuhangaika hivi. (Msomaji, Grand Rapids)

JIBU: Wewe ndiye mwenye haki ya kukereza, na tena huna hiari.

Hiyo 6mm PPC ina ukoo wa kuchekesha. Ilitengenezwa miaka ya 1970 na daktari Louis Palmisano na fundi wa dai Ferris Pindell. P mbili za kwanza ni wao. Walichukua ganda la .220 Russian, ambalo nalo lilizaliwa kutokana na 7.62x39 ya Kirusi. Naam, ileile ya bunduki tuliyozoea kuiita SMG, uliyoiona begani kwa mlinzi wa benki tangu utoto. Mjukuu wake ndiye anayeshinda vikombe Ohio. Kila mwaka watu wanafika kwenye uwanja wa Kelbly's, North Lawrence, Ohio, kwa mashindano ya Super Shoot, na mezani utakuta watu wazima wamejipanga na vidude vya kukerezea, kahawa pembeni, hakuna anayeongea.

Kuhusu chemba iliyobana: wanataka ganda likae katikati bila kuyumba, na shaba isitanuke kupita kiasi. Hesabu yake ni hii. Kichwa ni .243 ya inchi. Ukiacha ukuta wa .0085 kila upande, risasi iliyokamilika inafika .260. Chemba ni .262. Nafasi iliyobaki ni .002, yaani 0.05 mm, ni mwanya tu wa shaba kufunguka na kukiachia kichwa. Wapo wanaobana zaidi ya hapo. Wewe usiwe mmoja wao, angalau mwaka huu.

Sasa kazi. Kwanza maganda yote yawe ya boksi moja na toleo moja. Usichanganye.

.220 Russian inakuja na shingo ya .22, kwa hiyo unaipitisha kwenye mandreli ya kutanulia, yaani kijiti cha chuma kinachoingia ndani ya shingo, mpaka ifike milimita 6. Mandreli hii isiwe ile ya kifaa cha kukerezea. Ya kutanulia inatakiwa iwe nene kwa unywele tu kuliko ya kukerezea, kwa sababu shaba ikitolewa kwenye presi inajirudisha kidogo. Unataka ganda livae mandreli ya kukerezea kwa kulisukuma kwa vidole, bila kucheza na bila kung'ang'ania. Likicheza, kisu kitakata mawimbi. Likibana, joto litakushinda. Na faida nyingine ya kutanua kwanza: upande wa ndani unalala sawa kwenye chuma, makosa yote yanahamia nje ambako kisu kitayakuta.

Kisha kata maganda yote yawe na urefu mmoja, na uondoe makali mdomoni kwa wepesi. Hatua hii watu huiruka. Kwenye vifaa vingi kituo cha kisu kinapimwa kutoka mdomoni mwa ganda. Urefu ukitofautiana, ganda moja kisu kitaishia kabla ya bega, jingine kitalichimba.

Pembe ya kisu ilingane na bega la ganda lako. PPC ina bega la nyuzi 30. Kisu cha nyuzi 20 hakitakufaa, hata muuzaji aseme nini.

Paka mafuta mazito kidogo ndani ya shingo. Mimi napaka nta ya kubania maganda, kidogo tu, kwa ncha ya pamba. Mandreli bila mafuta inashikana na shaba, ukija kutoa ganda mandreli ina mistari ya njano na kazi imeharibika.

Kuweka kina: tenga maganda matatu manne ya zamani ya kujaribia. Kata kidogo, pima, sogeza kisu, kata tena, pima. Usiifukuzie .0085 kwa mkato mmoja. PPC inataka shaba nyingi itoke, kwa hiyo nenda kwa mikato miwili: wa kwanza wa kupunguza, wa pili mwembamba wa kumalizia. Ule wa pili ndio wenye kipimo chako, kwa hiyo kisu kisiguswe tena mpaka ganda la mwisho.

Mkono unaweza, ila drili ya taratibu inatoa uso mzuri zaidi. Ingiza polepole mpaka begani, toa polepole. Ukienda haraka utaona uzi kama wa skrubu kwenye shingo. Nilikereza shafti miaka mingi kwenye karakana ya reli kabla ya kuja huku, na nakuhakikishia sheria ni ileile: mwendo wa kuingiza ndio unaoamua uso, mzunguko unakuja nyuma. Mabaki ya mistari yapitishie stilwaya laini kabisa, lakini yapapase tu. Ukisugua unapunguza kipimo ulichokitafuta.

Shika kifaa mkononi. Kikianza kuwa cha moto, kiweke chini, kanywe maji. Chuma kikitanuka, nafasi kati ya kisu na mandreli inahama, na maganda ya mwisho hayatalingana na ya kwanza. Wenye pesa wana vifaa viwili wanabadilishana. Sisi wengine tuna subira.

Mwisho wa mkato ndio penye ufundi. Kisu kiguse bega kidogo tu, kiache alama ya duara nyembamba juu yake. Kwa nini? Ukitanua shingo, sehemu ya chini ya shingo mpya ilikuwa bega jana, na shaba ya bega ni nene. Ukiiacha, utapata pete ya unene ndani, pale shingo inapokutana na bega. Kichwa kikishuka mpaka kwenye pete hiyo kinabanwa zaidi kuliko kingine, na utakuwa unatafuta mchawi wa matundu yako bila kumwona. Lakini usilichimbe bega. Ukichimba umetengeneza mkunjo dhaifu, na siku moja shingo itabaki ndani ya chemba wakati ganda linatoka.

Pima sehemu nne tena. Mtu mwenye mkono mzuri anaweza kubakiza tofauti ya sehemu nusu ya elfu ya inchi au chini yake. Osha mafuta yote. Halafu badilisha bushi ya dai, ile pete inayobana shingo, kwa sababu shingo yako sasa ni nyembamba na bushi ya zamani haitaishika: chukua kipimo cha risasi iliyokamilika, .260, toa .002, anza na .258. Ikishika legelege, shuka .257.

Kabla ya kuitumia kokote, tengeneza risasi ya mfano bila baruti wala fataki (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), pima shingo yake kwa maikromita, na ulinganishe na namba iliyogongwa kwenye mtutu.

SWALI: Nimenunua bunduki ya shabaha iliyotumika kutoka kwa familia ya mzee aliyefariki. Mtutu umeandikwa "6PPC 262 NK". Walinipa na maganda mapya ambayo hayajaguswa, nikayatanua na kuyajaza. Nikifunga bolti, kile chuma kinachoziba chemba kwa nyuma, inagoma karibu na mwisho, lakini nikiisukuma kwa kiganja inaingia. Je, itazoea? (Msomaji, Kentucky)

JIBU: Usifyatue! Toa hiyo risasi kwa upole, mdomo wa bunduki ukielekea kwenye kifusi cha udongo, na usiisukume nyingine.

Hiyo NK ni shingo, na 262 ni kipenyo nilichokieleza hapo juu. Shingo ambayo haijakerezwa haina pa kutanukia. Risasi ikilipuka, ukuta wa shingo unatakiwa ufunguke kidogo ili kichwa kitoke. Ukibanwa kati ya kichwa na chuma cha chemba, kichwa kinachelewa, gesi inaendelea kuzaliwa nyuma yake, na shinikizo linapanda kwa baruti ileile ambayo kwenye bunduki nyingine ni salama. Hapo bolti iko sentimita chache kutoka jicho lako. Bolti inayogoma kabisa ni rafiki. Inayoingia kwa kiganja ndiyo hatari.

Fungua risasi zote ulizojaza kwa nyundo maalumu ya kutolea vichwa, pima ukuta, kereza kama nilivyomweleza ndugu wa Michigan. Na usiiamini sana namba ya mtutu, mafundi nao hukosea kugonga. Mpe fundi wa bunduki apime chemba. Baadaye kuna jaribio la bure: chukua ganda lililotoka kupigwa, dondoshea kichwa kipya mdomoni. Kikitumbukia chenyewe, nafasi ipo. Kikikataa na mdomo haujajikunja, nafasi haitoshi.

SWALI: Mzee, mimi ni mwanafunzi hapa Iowa, nina viza ya masomo. Mwenzangu wa chumbani anajaza risasi na ameniomba nimsaidie kukereza. Kuna tatizo? (Msomaji, Ames)

JIBU: Lipo. Sheria ya shirikisho ya Marekani inawakataza wenye viza za muda kumiliki au kushika bunduki na hata risasi, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, mojawapo ikiwa kuwa na leseni halali ya uwindaji. Usiingie kwenye hilo kwa ajili ya kumkerezea mtu maganda. Muulize mwanasheria wa chuo kwanza, si mwenzako wa chumbani. Na mwenzako naye ajue: kujaza kwa matumizi yake ni ruhusa, kuuza kunataka leseni ya mtengenezaji.

SWALI: Fundi, nipo Arusha, nafanya kazi na kampuni ya uwindaji wa kitalii. Wageni wanaacha maganda ya .375 H&H, zile risasi kubwa za nyati, mazuri kabisa. Nikipata kifaa hicho, nikayakereza na kuyajaza, si tutaokoa hela? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Hapana, na hapana ya pili.

Ya kwanza ni ya sheria. Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na kutengeneza risasi si kazi ya mtu binafsi nyuma ya nyumba. Risasi za nchi zinatengenezwa Mzinga, Morogoro. Jirani zetu Kenya wana kiwanda chao Eldoret. Maganda ya wageni yahesabiwe na kurejeshwa kadiri kampuni yako inavyotakiwa na mamlaka, yasilale kwenye droo yako.

Ya pili ni ya ufundi, maana najua wapo wenye bunduki za namna hii nchi zinazoruhusu kujaza na wanasoma hapa. Risasi ya nyati haikerezwi shingo. Bunduki hiyo inapiga teke, na kila teke risasi zilizobaki kwenye magazini zinagonga ukuta wa mbele kwa pua. Kinachozuia kichwa kisididimie ndani ya ganda ni mshiko wa shingo. Ukiipunguza shingo, umeupunguza mshiko. Halafu kuna vumbi. Chemba ya mwindaji inatakiwa iwe na nafasi ya kumeza risasi yenye mchanga wa Maswa mbele ya nyati aliyejeruhiwa. Mambo ya .002 waachie watu wa benchi.

SWALI: Shikamoo baba. Mume wangu anakereza hayo maganda kwenye meza ya kulia chakula hapa Columbus. Nyuzi za shaba zimejaa kwenye zulia, mtoto wetu ana miezi kumi anatambaa. Na juzi nimemkuta anachemsha maganda kwenye sufuria yangu ya pilau. Anasema shaba haina sumu. Ni kweli? (Msomaji, Ohio)

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwa shaba yuko karibu na ukweli: nyuzi zile ni wembe mdogo, zitamchoma mtoto magoti na akizitia mdomoni ni hatari ya koo. Lakini sumu hajaitaja. Fataki nyingi zina madini ya risasi ndani yake, risasi ile ya sumu. Ganda lililopigwa limebeba masizi yake kwenye shingo na kitakoni. Akikereza maganda yaliyotumika, akiyaosha, akiyazungusha kwenye mashine ya kusafishia yenye maganda ya jozi (walnut) au magunzi ya mahindi yaliyosagwa, vumbi hilo linashuka mezani, linaingia kwenye zulia, linapanda kwenye vidole vya mtoto.

Mwambie daktari wa mtoto ukweli wote na mwombe kipimo cha madini ya risasi kwenye damu. CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, tangu 2021 wanatumia maikrogramu 3.5 kwa desilita kama kiwango cha kushtuka. Zulia usilipige ufagio mkavu wala usitumie vakyumu ya kawaida, inarusha vumbi upya. Kama linaweza kutoka, litoke. Meza futa kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kitambaa ukitupe.

Yeye ahamie gereji, awe na nguo za kazi zinazobaki hukohuko, anawe mikono kwa sabuni na maji baridi kabla hajambeba mtoto, na asile chochote akiwa kazini. Mashine ya kuoshea vyombo asiiguse. Sufuria ya pilau ni yake sasa, aipeleke gereji na aiandikie kwa rangi. Wewe nunua nyingine kubwa zaidi, kwa hela aliyotenga ya mandreli.